Mchumia Juani na Kivuli cha Mji

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Walimu wetu huwafundisha wanafunzi methali hii kuwa ni himizo la kufanya kazi kwa bidii, na mafunzo hayo ni sahihi. Lakini ndani yake limo jambo jingine ambalo aghalabu hatulitazami. Methali hii inachukulia kwamba kivuli kipo. Waliotuachia methali hiyo waliishi mahali ambapo mtu akitoka shambani au pwani hukuta mwembe, upenu au baraza, na hapana wa kumwuliza ameketi hapo kwa ruhusa ya nani. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza ikiwa methali hiyo ingali kweli katikati ya miji yetu, na hasa katikati ya jiji la Dar es Salaam, ambako juhudi zinafanywa za kuupanga mji upya ili uwe na miti zaidi na uwe rahisi kwa mtu aendaye kwa miguu.

Huenda msomaji akashangaa kuona habari za barabara na bustani zikijadiliwa katika kitabu cha utamaduni. Tumezoea kuhesabu ngoma, mashairi, hadithi na mavazi kuwa ndiyo utamaduni, na mji tumewaachia wahandisi. Mgawanyo huu hauna msingi. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya tarehe 10 Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, alieleza kuwa utamaduni ndio kiini na roho ya taifa. Roho hiyo haikai katika ngoma peke yake. Inakaa pia katika namna watu wanavyokutana njiani, wanavyosalimiana, wanavyopumzika na wanavyopishana. Mji unaowanyima watu mahali pa kusimama wakasalimiana umewanyima sehemu ya utamaduni wao, hata kama una ukumbi mzuri wa ngoma.

Mhakiki wa fasihi hutazama mambo mawili makubwa, yaani fani na maudhui. Nasi tutautazama mji kwa njia hiyohiyo. Fani ya mji ni barabara zake, majengo, viwanja, miti na mitaro. Maudhui yake ni yale ambayo fani hiyo inawaambia watu: nani mwenyeji, nani mpita njia, nani anangojewa na nani anafukuzwa. Hoja yetu ni moja. Mti mmoja waweza kuwa uzio, na mti huohuo waweza kuwa baraza. Tofauti yake ni nani anayeruhusiwa kuketi chini yake. Mpango wowote wa kuupamba mji kwa miti unaosahau swali hilo utarudia maudhui ya mji wa kikoloni kwa fani mpya.

Mji uliopimwa kwa boriti

Sisi tunaoandika haya ni watu wa Dimani, katika Wilaya ya Kibiti, na macho yetu yamezoea mikoko kabla ya kuzoea maghorofa. Basi na tuanzie nyumbani, kwa kuwa delta ya Rufiji ina sehemu yake katika historia ya miji ya Waswahili, ingawa sehemu hiyo haisemwi mara nyingi. Msitu wa mikoko wa delta hiyo, wenye takribani hekta 53,000, ndio mkubwa kuliko yote katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi boriti zilikatwa humo, zikapakiwa katika majahazi, zikapelekwa Unguja, na ng'ambo hadi Arabuni na nchi za Ghuba. Boriti hizo ndizo zilizobeba dari za nyumba za mawe.

Boriti ya mkoko ni imara na haiozi upesi, lakini ina urefu wake ambao mjenzi hawezi kuuzidisha. Kwa sababu hiyo vyumba vya nyumba za mawe vilikuwa vyembamba, vyenye upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Mjenzi aliyetaka chumba kikubwa alikirefusha, hakukipanua. Tunaweza kusema bila kutia chumvi kwamba mti wa Rufiji ulikuwa pima ya mji wa Unguja.

Na mji huo uliojengwa kwa vipimo vidogo ulikuwa mji wa miguu. Atembeaye Mji Mkongwe leo, mji ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, huona jinsi vichochoro vilivyo vyembamba na kuta zilivyo ndefu, hata jua la asubuhi na la alasiri haliifikii njia. Mbele ya nyumba nyingi kuna baraza ya mawe, na juu ya baraza hiyo huketi mwenye nyumba, jirani, mchuuzi wa kahawa na mgeni aliyechoka. Fani yake ni kichochoro na baraza. Maudhui yake ni kwamba mpita njia ana haki yake hata mbele ya nyumba isiyo yake. Hatusemi kwamba mji huo ulikuwa pepo. Ulikuwa na mabwana na watumwa, na nyumba zake kubwa zilijengwa kwa jasho la wasiolipwa. Lakini katika jambo hili moja, la kivuli na hatua ya mtu, waliojenga walijua walichokuwa wakifanya, na hatuna sababu ya kuudharau ujuzi huo.

Miti iliyokuwa uzio

Dar es Salaam ilizaliwa katika njia nyingine. Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kuijenga katika miaka ya 1860, akafariki mwaka 1870 kabla haijakamilika. Mwaka 1891 Wajerumani waliifanya makao makuu ya utawala wao badala ya Bagamoyo, na mwaka huohuo wakaweka sheria ya ujenzi iliyoigawa mji kwa aina ya majengo. Waingereza waliokuja baada yao waliuendeleza mgawanyo huo hata ukawa na majina ambayo wazee wetu waliyatumia bila kufikiri: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini.

Tuzitazame sehemu hizo tatu kwa jicho la kivuli. Uzunguni, kando ya bahari, kulipandwa miti katika barabara pana, na nyumba zikawekwa mbalimbali katikati ya bustani. Bustani ya mimea ilianzishwa huko mwaka 1893. Barabara kuu ya mji ilipewa jina la miti: Wajerumani waliiita Chini ya Migunga kwa lugha yao, na Waingereza wakaiita Acacia, maana yake ni ileile. Uswahilini, yaani Kariakoo na vitongoji vyake, kulikatwa viwanja vidogo kwa mistari iliyonyooka, na kupanda miti halikuwa jambo lililomhusu mtawala.

Kati ya Uhindini na Kariakoo paliachwa uwanja mrefu ulio wazi, nao ni Mnazi Mmoja. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya afya: kwamba maradhi ya Waafrika yasivuke kwenda upande wa pili. Hapo ndipo tunapopata funzo letu la kwanza. Mahali palipokuwa na majani mabichi zaidi katikati ya mji palikuwa ukuta. Hapakuwekwa ili watu wakutane, bali ili wasikutane. Mtu anayedhani kwamba kila uwanja wenye majani ni neema kwa wote hana budi akumbuke asili ya Mnazi Mmoja.

Jinsi watu walivyoigeuza maana

Lakini katika uhakiki tunajua kwamba mwandishi hawezi kuzuia kazi yake isifasiriwe na wasomaji kinyume cha nia yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa uwanja huu. Baada ya TANU kuundwa mwaka 1954, Mnazi Mmoja pakawa mahali pa mikutano ya hadhara. Watu walitoka Kariakoo, Ilala na Gerezani kwa miguu, wakaja kuusikiliza ujumbe wa uhuru palepale palipowekwa ili kuwatenga. Uzio ukawa baraza ya taifa. Leo uwanja huo una mnara wa Mwenge wa Uhuru, na barabara zinazoupakana zinaitwa Lumumba na Bibi Titi Mohamed. Hatujui mfano mzuri zaidi wa maudhui kushinda fani.

Huko Kariakoo nako wenyeji hawakungoja kupangiwa kivuli. Walijenga nyumba ya Kiswahili tunayoijua sote: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, na mbele baraza yenye upenu. Upenu huo ulikuwa mali ya mwenye nyumba, lakini kivuli chake kilikuwa cha mtaa. Fundi cherehani aliweka mashine yake hapo, wazee walicheza bao, na mtoto aliyetumwa dukani alipita kutoka upenu hadi upenu bila kuungua kichwa. Tangu miaka ya 1990 nyumba hizo zimekuwa zikibomolewa na maghorofa kujengwa mahali pake. Hatuyapingi maghorofa, kwa kuwa watu wameongezeka: mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 273,000, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Tunachokihuzunikia ni kwamba ghorofa limechukua kiwanja cha nyumba ya zamani bila kurithi wajibu wake. Miguuni pake pana fremu za maduka mpaka ukingoni, na mpita njia amesukumwa barabarani, juani.

Ipo hata hivyo kazi moja inayoonyesha kwamba jambo jipya laweza kurithi wajibu wa zamani. Nayo ni Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, kazi ya Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza katika Afrika Mashariki kuwa msanifu majengo. Amuli alijua kwamba soko la Kiafrika lilianza chini ya mti. Basi akajenga paa la zege mfano wa miavuli mikubwa iliyosimama juu ya nguzo, upepo ukapita kati yake, na maji ya mvua yakakusanywa na paa hilo yapate kutumika. Hakuiga nyumba ya msonge wala hakuchora ngao na mikuki ukutani ili tujue kwamba jengo ni la Kiafrika. Alichukua kazi ya mti, si sura yake. Soko hilo liliungua mwezi Julai 2021, na ukarabati wake ukafuata. Tunawashauri wanafunzi walisome kama wanavyosoma diwani.

Mipango ya baada ya Uhuru

Baada ya Uhuru serikali iliona kwamba mji wa tabaka tatu haufai taifa la watu walio sawa. Mpango kabambe wa Dar es Salaam ulichorwa mwaka 1968, na mwingine mwaka 1979, yote na wataalamu kutoka Canada. Baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, kampuni ileile ya Toronto iliyochora mpango wa mwaka 1968 ilichora mpango wa Dodoma wa mwaka 1976.

Mpango huo wa Dodoma wastahili kusifiwa kwa fikra zake. Ulikataa mji wa fahari wenye barabara za magwaride. Ulitaka mitaa ambayo mtu aweza kwenda shuleni, sokoni na zahanati kwa miguu, na mabasi yaiunganishe mitaa hiyo. Ulitaka vilima na mabonde vibaki na miti. Kwa maneno mengine, tangu wakati huo nchi yetu ilikuwa na fikra ya mji wa waenda kwa miguu katika karatasi zake. Karatasi hizo zilikosa fedha, zikakosa pia uvumilivu. Serikali ilipohamia Dodoma kwa nguvu kuanzia mwaka 2016, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, barabara pana ndizo zilizotangulia, na ofisi za wizara zikajengwa Mtumba, mbali na kitovu cha zamani. Mtumishi asiye na gari hawezi kwenda huko kwa miguu. Twasema haya kwa heshima, tukiwa watumishi wa umma wenyewe: fikra nzuri haiwi utamaduni mpaka iguse unyayo wa mtu.

Jitihada za siku hizi

Sasa tuingie katika jitihada zinazofanyika Dar es Salaam. Mwezi Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kazi katika njia ya kilomita zipatazo 21, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi yake. Jiji lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018 kwa ajili hiyo. Kando ya Barabara ya Morogoro zilijengwa njia pana za waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, jambo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa ndoto. Mtu aliyekuwa akirukaruka mitaro sasa ana mahali pa kukanyaga. Tuliliona jambo hili kuwa kubwa, na tunaliona hivyo bado.

Lakini mhakiki hana budi aseme yote. Njia hizo zina upana, ila kivuli ni haba. Saa saba mchana, saruji inapokuwa kama kikaango, njia pana isiyo na mti ni mateso marefu zaidi. Mpangaji ameipima njia kwa mita, hakuipima kwa jua. Katika ushairi twajua kwamba ubeti waweza kuwa na mizani kamili na bado ukawa hauimbiki.

Hapa tunaomba radhi tusimulie jambo lililotupata. Miaka michache iliyopita tulikwenda jijini kufuatilia faili katika ofisi moja. Tulitoka Kibiti alfajiri, tukashuka Mbagala Rangi Tatu, tukapanda daladala hadi Mnazi Mmoja, na kutoka hapo tukaenda kwa miguu. Ofisi ilikuwa imefungwa kwa chakula cha mchana. Uwani mlikuwa na mwarobaini mkubwa, nasi tukaenda kusimama chini yake. Mlinzi alikuja kwa adabu akasema, "Shikamoo mzee. Samahani, hapa hawaruhusu watu kukaa, ni maegesho." Tulimwitikia, tukatoka. Tulipogeuka tukaona kwamba kiti chake mwenyewe kilikuwa langoni, juani. Gari lilikuwa kivulini, na watu wawili, mgeni na mlinzi, walikuwa juani. Hatukumlaumu kijana yule. Yeye alikuwa akitusomea tu maandishi ya mji.

Jambo la pili ni la wafanyabiashara wadogo. Mwezi Oktoba 2021 machinga waliondolewa kando ya barabara za jiji ili njia za miguu ziwe wazi. Wako waliofurahi, nao walikuwa na haki, kwa sababu mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa hana pa kupita. Lakini tutazame pande zote mbili. Machinga na mpita njia si maadui. Mara nyingi ni mtu mmoja, asubuhi mpita njia na mchana machinga. Mwavuli wa mama lishe ulikuwa ndio upenu wa mwisho uliobaki. Mpango ulio bora haumwondoi mmoja ili ampe nafasi mwingine. Humpimia kila mmoja mahali pake: huyu njia, huyu kibanda chenye kivuli, kama Amuli alivyowapimia wauzaji wa Kariakoo.

Jambo la tatu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni Bonde la Msimbazi. Mto huo hupita Jangwani, katikati ya jiji, na mafuriko yake yameleta misiba mingi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, na wengi waliookolewa walihamishiwa Mabwepande. Karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa Jangwani imefurika mara nyingi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa mradi wa kuzuia mafuriko hayo. Mradi huo ulipanga kujenga daraja jipya, na kuifanya sehemu ya chini ya bonde kuwa bustani kubwa ya jiji. Wakazi wa bonde ndio waliotakiwa kupisha, kwa kulipwa fidia.

Hatuna shaka kwamba kulirudishia bonde miti yake ni jambo la busara. Swali letu ni lilelile. Bustani hiyo itakuwa Mnazi Mmoja ya mkoloni au Mnazi Mmoja ya TANU? Itakuwa na lango na tiketi, au itakuwa na njia zinazotoka Magomeni, Kigogo na Ilala bila kizuizi? Mtu aliyehamishwa bondeni akirudi miaka ijayo na mjukuu wake, ataketi kama mwenyeji au atafukuzwa kama mgeni? Maswali haya hayajibiwi na idadi ya miche iliyopandwa.

Jirani zetu wa Kenya wametuonyesha kwamba maswali haya si madogo. Mwaka 1989 chama tawala cha wakati ule kilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru, Nairobi. Wangari Maathai alipinga, akadharauliwa na kutukanwa hata bungeni, lakini jengo halikujengwa. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Aliyoyatetea hayakuwa majani ya bustani peke yake. Alitetea mahali ambapo mtu asiye na fedha aweza kulala chali Jumapili akatazama mawingu.

Yako yanayosemwa dhidi ya maoni yetu. Husemwa kwamba ardhi ya katikati ya mji ni ghali mno kupandwa miti, na kwamba magari ndiyo uchumi. Tunajibu kwamba mwenda kwa miguu naye ni uchumi. Ndiye anayenunua maji, gazeti, muhogo na kitambaa; naye hununua anapoweza kusimama. Husemwa pia kwamba wananchi wenyewe ni wakosaji, na hili ni kweli. Tumekata miti ili jina la duka lionekane. Tumetupa taka katika mitaro ya Msimbazi, kisha tukalia mafuriko yalipokuja. Lawama hizi tunazipokea. Lakini hatujifunzi kuutunza mti tunaokatazwa kuukaribia.

Funzo la Rufiji

Turudi tena nyumbani, kwa kuwa watu wa Rufiji wana ushahidi wao juu ya mipango. Wazee wetu hawakuyachukulia mafuriko kuwa adui peke yake. Mto ulipofurika walikaa katika madungu, vibanda vilivyosimama juu ya nguzo katikati ya mashamba. Na maji yalipopungua walipanda mlau katika udongo wenye rutuba ulioachwa. Ujuzi huo ndio unaotafutwa leo Jangwani: kumpa mto nafasi yake, na kuitumia ardhi kwa kadiri ya maji.

Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, operesheni ya mwaka 1969 iliwahamisha watu wa bondeni kwenda kwenye miinuko, katika vijiji vilivyopangwa kwa mistari. Nia ilikuwa njema: shule, maji na zahanati vikawa karibu. Lakini mashamba yalibaki bondeni. Mkulima aliyekuwa akitoka dunguni na kukanyaga shamba lake sasa alikwenda mwendo mrefu kila siku, na mama akawa na safari mbili, ya shamba na ya nyumba. Mpango ulihesabu kaya, haukuhesabu hatua. Hili ni kosa lilelile tulilolikuta katika njia ya saruji isiyo na mti.

Leo Kibiti nayo inakuwa mji. Tangu iwe wilaya mwaka 2016, ofisi zimejengwa, viwanja vinapimwa, na maduka yanapangana kando ya barabara iendayo Lindi na Mtwara. Vijana hukimbilia madirisha ya mabasi na vikapu vya embe na korosho mchana kutwa. Kama Dar es Salaam ni kitabu kilichokwisha kuandikwa, ambacho sasa chasahihishwa kwa gharama kubwa, Kibiti ni daftari ambalo kurasa zake nyingi bado nyeupe. Hatuhitaji mkopo ili tusikate miembe ya zamani wakati wa kupima viwanja. Hatuhitaji mtaalamu wa ng'ambo ili stendi iwe na miti ya kivuli na njia ya miguu iwe na mahali pake mbali na magari. Mwembe uliopandwa na babu wa mtu na kuachwa ukutani mwa ofisi ya serikali utaifanya ofisi hiyo iheshimiwe kuliko bendera nne.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kupanda miti katikati ya mji si pambo, na kupanua njia za miguu si hisani. Mji wa boriti ulimpa mpita njia kivuli kwa vipimo vyake. Mji wa kikoloni uliigeuza miti kuwa uzio. Watu wa TANU waliugeuza uzio kuwa baraza, na Amuli akaigeuza baraza kuwa soko. Mipango ya Dodoma ilikuwa na fikra nzuri isiyofika miguuni. Mwendokasi umetupa njia, na kivuli chake bado hakijaota. Msimbazi bado unaandikwa, na kwa hiyo bado unaweza kuhakikiwa kabla wino haujakauka.

Tunawaomba walimu wasiyaache haya darasani. Wawatoe wanafunzi siku moja saa saba mchana, katika mji wowote walipo, waende kwa miguu kutoka sokoni hadi ofisi ya wilaya. Waandike mambo matatu tu: miti mingapi ipo njiani, nani ameketi chini ya kila mti, na nani amekatazwa. Kisha warudi waisome tena ile methali ya mchumia juani, na wajadiliane ikiwa mji wao unaisadiki. Vijana hao ndio watakaokuwa wapima viwanja, madiwani na wahandisi wa kesho. Wakishaijua njia kwa nyayo zao, haitakuwa rahisi kwao kuichora bila kivuli.